Nani Alikuambia?

Mapema mwaka 1892, katika shule ya vipofu ya Perkins mjini Boston, Marekani, mtoto wa kike wa miaka 11 aliketishwa mbele ya jopo la walimu kujibu tuhuma ya wizi. Mtoto huyo, Helen Keller, alikuwa haoni wala hasikii tangu alipougua akiwa na umri wa miezi 19. Kitu alichodaiwa kuiba kilikuwa hadithi.

Miezi michache nyuma, Helen alimtungia mkuu wa shule, Michael Anagnos, hadithi ya mfalme wa baridi ambaye vito vyake viliyeyushwa na jua, vikamwagikia miti na kuyapaka majani rangi. Akampelekea kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Anagnos aliona fahari kubwa, akaichapisha katika jarida la shule. Haukupita muda mrefu, wasomaji wakang'amua kuwa hadithi hiyo inalingana, mahali pengine karibu neno kwa neno, na hadithi ya Margaret Canby iliyokuwa imetoka kitabuni kabla hata Helen hajazaliwa.

Jopo lilikuwa la watu 8: wanne wanaona, wanne vipofu, na Anagnos mwenyewe juu yao. Mwalimu Annie Sullivan, aliyekuwa macho na masikio ya mtoto huyo, aliambiwa atoke nje. Helen akahojiwa kwa muda wa saa 2 hivi, maswali yakiandikwa kwa vidole kiganjani mwake, akishinikizwa akubali kuwa anakumbuka kusomewa hadithi ile. Hakukubali, maana kwa kadiri alivyojijua hakuna aliyewahi kumsomea. Kura zilipopigwa, wanne walimwona ana hatia, wanne wakamwona hana. Kura ya Anagnos ndiyo iliyomwokoa.

Uchunguzi ulionyesha kwamba kiangazi cha mwaka 1888 Helen alikaa Brewster, mji wa pwani, nyumbani kwa mama mmoja aitwaye Sophia Hopkins. Sullivan alikuwa likizoni kwa muda. Mwenyeji wao alikuwa na kitabu cha Canby, na ili kumchangamsha mtoto alimsomea humo. Helen alikuwa na miaka 8 tu. Maneno yalimwingia, yakatulia, na baada ya miaka mitatu yakatoka yakiwa mazima, ila hayakutoka na habari za nyumba ya Brewster wala za mkono wa Bi Hopkins. Katika tawasifu yake ya mwaka 1903, Helen aliandika wazi kuwa hata ukubwani hakuweza siku zote kutenganisha mawazo yake na mambo aliyosoma. Mark Twain alipoisoma habari ya jopo lile alihamaki, akamwandikia barua ya kumtetea.

Walimu wale hawakuwa watu wabaya. Walikosea kwa sababu waliamini, kama wengi wetu tunavyoamini mpaka leo, kwamba kulijua jambo na kujua ulikolipata ni kitu kimoja, hivyo anayejua la kwanza na kukana la pili lazima awe anadanganya. Ilichukua karibu miaka 100 kuonyesha kuwa hizo ni kazi mbili, kwamba ubongo unaweza kuipoteza moja ukabaki na nyingine, na kwamba kila moja ina mahali pake pa kuumia. Ushahidi ulitoka kwa wagonjwa.

Miaka ileile Helen alipokuwa akijifunza kuandika, daktari Sergei Korsakoff wa Moscow alikuwa akiwachunguza watu, wengi wao walevi wa kupindukia, ambao akili zao zilikuwa timamu na kumbukumbu zao zimevurugika. Taarifa zake zilitoka kati ya mwaka 1887 na 1889. Mgonjwa wa aina hiyo aliweza kucheza karata vizuri, akapangua hoja, akatania. Karata zikiondolewa mezani, hakumbuki kuwa alicheza. Daktari akitoka chumbani na kurudi baada ya dakika chache, anasalimiwa upya kama mgeni. Mwingine aliyelala kitandani wiki nzima alisimulia safari aliyofanya jana, na alisimulia kwa moyo mweupe kabisa. Akili ilikuwa imekuta pengo, ikaliziba kwa chochote kilichokuwa karibu.

Korsakoff alimwona mgonjwa mmoja aliyekuwa akitibiwa kwa mashine ya umeme. Mgonjwa hakukumbuka kabisa kutibiwa kwa mashine hiyo. Lakini alipoona sanduku lake likiingizwa chumbani, akasema daktari bila shaka amekuja kumtia umeme. Sanduku lile hakuwahi kuliona kabla ya kuugua. Basi alijuaje kilichomo? Korsakoff alihitimisha kuwa alama ya tukio ilikuwa imebaki ndani ya mtu, ila mwenyewe hana njia ya kuifikia. Baadaye wataalamu walikuja kujua kuwa ugonjwa huo unatokana na upungufu wa vitamini B1, ambayo ulevi huizuia isiingie mwilini, na kwamba huharibu vinundu viwili vidogo vilivyo chini ya ubongo pamoja na sehemu za thalamasi iliyo katikati yake. Moscow ya mwaka 1889 haikuwa na habari hizo. Ilikuwa na sanduku tu, na mtu anayelijua bila kujua amelijulia wapi.

Kisa cha Geneva ni maarufu zaidi, na kwangu mimi ndicho kinachouma zaidi, kwa maana zote mbili. Mwaka 1911 mwanasaikolojia Édouard Claparède aliandika juu ya mwanamke wa miaka 47 mwenye ugonjwa wa Korsakoff, aliyekuwa akiishi katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Bel-Air. Alikuwa amekaa pale miaka kadhaa na bado hakumtambua daktari aliyemwona kila siku wala hakujua yuko wapi. Claparède alificha pini katikati ya vidole vyake, akampa mkono, akamchoma. Mama akaguta. Baada ya dakika chache alikuwa amesahau kila kitu. Claparède aliponyoosha tena mkono, mama aliuvuta wake nyuma kwa haraka. Alipoulizwa sababu, kwanza alijibu kwa ukali kwamba mtu ana haki ya kuuvuta mkono wake. Alipobanwa, akasema huenda mna pini mkononi humo. Nani kamwambia? Hakuna, ni wazo tu limempitia. Akaongeza kuwa watu wakati mwingine huficha pini mikononi.

Hebu tulitazame jibu lile la mwisho. Tukio la siku ileile, lililomtokea yeye kwa daktari huyohuyo, limegeuka kuwa jambo la jumla kuhusu walimwengu, kana kwamba alilipata katika maongezi ya watu barazani. Habari ilikuwa sahihi kabisa. Kilichodondoka njiani ni nani, lini na wapi. (Leo kamati ya maadili ya hospitali yoyote isingeruhusu pini ile, na ingekuwa na haki.)

Wakati huo hakuna aliyeweza kusema ni nyama gani ya ubongo inayobeba nini. Dokezo lilikuwapo: mwaka 1900 Vladimir Bekhterev wa Urusi alionyesha ubongo wa marehemu aliyekuwa na usahaulifu mkubwa, ukiwa umeharibika upande wa ndani, nyuma ya panja. Hakuna aliyelishughulikia sana. Karl Lashley, Mmarekani, alitumia miaka mingi akiwakata panya vipande vya ubongo ili aone kumbukumbu imekaa wapi, na mwaka 1950 alitangaza kwamba hakuiona. Jibu likaja kwa bahati mbaya, kwa gharama ya maisha ya kijana mmoja wa Connecticut.

Henry Molaison alizaliwa mwaka 1926. Kifafa kilimwanza utotoni, kikazidi alipofikisha miaka 15, na alipokuwa na miaka 27 dawa zilikuwa zimeshindwa na kazi ya kiwandani haiwezekani tena. Daktari William Scoville, bingwa wa upasuaji wa ubongo mjini Hartford, alipendekeza jambo ambalo yeye mwenyewe aliliita jaribio. Mwaka 1953 alitoboa matundu mawili juu ya macho ya Henry, akainua kidogo sehemu ya mbele ya ubongo, na kwa mrija wa kufyonza akatoa nyama ya ndani nyuma ya panja zote mbili, kulia na kushoto. Katika alichokitoa kulikuwa na sehemu kubwa ya hipokampasi. Hicho ni kiungo kilichojikunja ambacho Giulio Cesare Aranzi wa Bologna, huko nyuma mwaka 1587, alikiita kwa jina la farasi wa baharini kwa sababu ya umbo lake. Kazi yake ilikuwa haijulikani.

Kifafa kilipungua sana. Lakini Henry hakuweza kuwatambua wauguzi wala kukumbuka njia ya msalani. Wakati huohuo huko Montreal, Kanada, mwanasaikolojia kijana Brenda Milner alikuwa ameona jambo linalofanana na hilo. Mkuu wake, daktari Wilder Penfield, alikuwa akitoa nyama ya upande mmoja tu wa ubongo kwa wagonjwa wa kifafa, na karibu wote waliendelea vizuri. Wawili, mmoja mhandisi na mwingine kijana aliyefanya kazi ya kukata glavu, waliamka wakiwa wamepoteza uwezo wa kushika jambo jipya. Penfield na Milner walikisia kuwa wawili hao walikuwa na upande wa pili uliokwisha kuharibika bila mtu kujua, kwa hiyo upasuaji ukawaacha bila hipokampasi hata moja. Mhandisi alipofariki na ubongo wake kuchunguzwa mwaka 1964, ilionekana walikisia vyema. Scoville aliposoma muhtasari wa taarifa yao alimpigia Penfield simu: yeye pia anaye mgonjwa wa namna hiyo.

Aprili 1955 Milner alipanda treni kwenda Hartford. Henry alimwambia kuwa ni mwezi Machi mwaka 1953 na kuwa yeye ana miaka 27. Kipimo chake cha akili kilikuwa 112, juu ya wastani. Alipewa tarakimu tatu, 584, aziweke kichwani, akaachwa peke yake dakika 15. Milner aliporudi alizitaja bila kosa, akaeleza mbinu ndefu ya kuzijumlisha na kuzigawa aliyoitumia ili zisimponyoke. Dakika chache baadaye, mazungumzo yakiwa yamegeukia mambo mengine, hakukumbuka tarakimu, hakukumbuka mbinu, wala hakukumbuka kuwa aliwahi kupewa kazi hiyo.

Makala ya Scoville na Milner ya mwaka 1957 iliufunga mjadala: bila hipokampasi, jambo jipya haliandikiki. Halafu Milner akaufungua mwingine. Alimwekea Henry nyota yenye mistari miwili, akamtaka achore mstari katikati yake huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu. Kazi hiyo inamtatiza kila mtu, mkono unakwenda kinyume na jicho. Kwa siku tatu Henry aliirudia, na kila siku alikuwa mzuri kuliko jana. Siku ya mwisho alichora kwa ustadi, akashangaa mbona ni rahisi kuliko alivyodhani. Kwake ilikuwa mara ya kwanza. Kumbe mkono una kumbukumbu yake, na haipiti katika hipokampasi.

Kuna kipengele cha maisha ya Henry ambacho wasimulizi wengi hukiruka. Katika miaka 55 aliyoishi baada ya upasuaji, vijichembe vya habari vilimwingia. Suzanne Corkin, aliyeanza kumchunguza mwaka 1962 na kuendelea mpaka mwisho, aliona kuwa Henry aliweza kuchora ramani ya vyumba vya nyumba ambayo familia yake ilihamia mwaka 1958. Alijua kwamba Rais Kennedy aliuawa. Habari hizo zilipenya polepole, kwa kurudiwarudiwa, na zilikaa ndani yake bila siku wala mahali. Ilikuwa pini ya Geneva tena: kitu kimebaki, kilikotoka hakipo. Ila kwa Henry habari yenyewe na chanzo chake vyote viliathirika, hivyo hakuweza kuonyesha kama hayo mawili yanategemea nyama ileile au nyama tofauti.

Kidokezo kilitoka mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1966 watafiti Evans na Thorn walieleza majaribio waliyofanya kwa watu wazima wenye afya, waliotiwa usingizi wa hipnosisi. Humo usingizini walifundishwa mambo ya ajabuajabu ambayo watu wa kawaida hawayajui, kwa mfano kwamba kito cha amethisti kikipashwa moto hugeuka manjano. Wakaamshwa, wakaambiwa wasahau yote. Baadaye mtu anaulizwa amethisti ikichomwa huwa na rangi gani, anajibu: manjano. Amejulia wapi? Hapo anababaika, au anatoa maelezo yanayosikika vizuri na ambayo si kweli. Evans na Thorn ndio walioipa hali hiyo jina lake la kitaalamu, usahaulifu wa chanzo.

Huko Toronto, Daniel Schacter na wenzake, Joanne Harbluk na Donald McLachlan, waliichukua hoja hiyo wakaipeleka kwa wagonjwa wa kumbukumbu. Ili wawe na hakika kuwa mgonjwa hakuipata habari pengine, walizibuni habari zenyewe. Mojawapo ilisema kuwa baba wa mchekeshaji Bob Hope alikuwa mzima moto. (Alikuwa mwashi.) Watu wawili walikaa mbele ya mgonjwa, huyu akasema moja, yule akasema nyingine. Baada ya muda mfupi maswali yakaanza. Mgonjwa anayekumbuka kuwa baba wa Bob Hope alikuwa mzima moto anaulizwa nani kamwambia, na anasema amesoma gazetini, au amesikia redioni, au amebahatisha tu. Aliyemwambia amekaa palepale mbele yake.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1984, na sehemu yake yenye uzito ni ulinganisho. Watu wazima wa kawaida, wakicheleweshwa siku kadhaa mpaka wasahau kiasi kilekile cha habari, nao hukosea, lakini hukosea ndani ya chumba: husema ni yule mwanamume kumbe alikuwa mwanamke. Hawadai kuwa ni redio. Wagonjwa ndio waliotoka nje ya chumba kabisa. Tena si wote. Waliotoka zaidi walikuwa walewale waliofanya vibaya katika vipimo vya sehemu ya mbele ya ubongo, kikiwamo kile cha kupanga kadi kwa kanuni inayobadilika bila taarifa, ambacho Milner, ndiye huyohuyo, alikuwa ameshakitumia mwaka 1963 kuonyesha kuwa wenye jeraha nyuma ya paji la uso hung'ang'ania kanuni iliyokwisha muda wake.

Hivyo macho ya wataalamu yakahama kutoka nyuma ya panja kwenda nyuma ya paji. Kilichokuwa kikihitajika ni mgonjwa wa kinyume cha Henry: mwenye hipokampasi nzima na paji lililojeruhiwa. Mwaka 1989, San Diego, Jeri Janowsky, Arthur Shimamura na Larry Squire waliwapata 7. Waliwafundisha mambo madogomadogo ya kweli ambayo hawakuyajua, wakawaita tena baada ya takriban wiki. Mambo yenyewe waliyakumbuka sawasawa na watu wasio na jeraha. Walipoulizwa wameyajulia wapi, wakapotea. Jambo walilofundishwa juma lililopita, katika chumba hichohicho, walisema walilijua zamani, nje ya pale.

Kwa hiyo kazi mbili zikaonekana. Hipokampasi hufunga pamoja vitu vilivyotokea kwa wakati mmoja: neno, sauti iliyolisema, chumba, harufu, saa. Sehemu ya mbele haihifadhi mafungu hayo. Huyatafuta, huyafungua na kuyahoji: sauti hii ni ya nani, nilikuwa nimekaa au nimesimama, kabla ya chakula au baada? Ukipoteza ya kwanza, hakuna fungu. Ukipoteza ya pili, fungu lipo na hakuna wa kulihoji, basi unachukua kile kinachokujia mkononi kwanza, yaani habari tupu.

Marcia Johnson, Mmarekani aliyelifanyia kazi suala hili kuliko yeyote ninayemjua, alikuwa amesema tangu mwaka 1981, pamoja na Carol Raye, kwamba kumbukumbu haiji na lebo ya chanzo chake. Tunakisia. Kumbukumbu yenye rangi, sauti na mahali tunaihukumu kuwa ni ya jambo tuliloliona, na ile yenye alama za jitihada ya kufikiri tunaihukumu kuwa ni wazo letu wenyewe. Nikisoma hoja hiyo namfikiria Helen. Kila neno la ulimwengu, la mwalimu, la kitabu, la Bi Hopkins, lilimfikia kwa mlango mmoja, kiganja chake, bila sauti ya mtu wala sura ya ukurasa. Hayo ni maoni yangu, si matokeo ya maabara, lakini kama kuna mtoto aliyenyimwa vitu vya kukisia navyo, ni yule.

Wanazuoni wa hadithi za Mtume Muhammad walilielewa tatizo hili zamani kwa njia nyingine. Muda mrefu kabla ya Bukhari, mkusanyaji wao maarufu, kufariki mwaka 870, ilikuwa imekwisha kuwa kanuni kwamba maneno hayapokelewi bila isnadi: nani kasimulia, kapokea kwa nani, na huyo kwa nani. Walifanya kwa kalamu na kwa masharti makali kazi ambayo ubongo huifanya ovyo. Watu wa magazeti na redio wangefaa kuwaiga, na wenye simu za mkononi zaidi.

Maana jambo hili halihitaji jeraha. Mwaka 1951 Carl Hovland na Walter Weiss wa Chuo Kikuu cha Yale waliwapa wanafunzi makala kuhusu iwapo nyambizi ya nguvu za atomu inaweza kuundwa. Kundi moja liliambiwa makala ni ya Robert Oppenheimer, mwanafizikia wa bomu la atomu, na jingine likaambiwa ni ya Pravda, gazeti la chama tawala cha Urusi ya Kisovieti. Siku hiyo walimwamini Oppenheimer na kulipuuza Pravda, kama ungetarajia. Baada ya wiki nne pengo lilikuwa limezibika: imani kwa maneno ya Oppenheimer imeshuka, kwa maneno ya Pravda imepanda. Hoja ilibaki vichwani, jina la mwenye hoja likalegea na kuachana nayo. (Nyambizi yenyewe, Nautilus, ilishushwa majini mwaka 1954.)

Umri nao una zamu yake. Sehemu ya mbele ya ubongo huchelewa kukomaa na huwahi kuchakaa. Watoto wa miaka 4 hufundishwa jambo na mgeni leo, baadaye wengine wakasema walifundishwa na mama. Fergus Craik na wenzake wa Toronto walionyesha mwaka 1990 kuwa wazee wasio na ugonjwa wowote husahau chanzo kuliko vijana, na kwamba wanaosahau zaidi ni wale ambao vipimo vya sehemu ya mbele vinaonyesha imedhoofika.

Mahakamani, kosa hili linaweza kumfunga mtu. Huko Australia, katika miaka ya 1970, mwanamke aliyebakwa nyumbani kwake aliwaeleza polisi sura ya mbakaji kwa usahihi mkubwa, na sura hiyo ikawapeleka kwa mwanasaikolojia Donald Thomson. Alitambuliwa, akakamatwa. Alikuwa na kinga moja tu: saa ya tukio alikuwa studioni, hewani moja kwa moja, katika kipindi cha televisheni, akizungumzia jinsi mashahidi wanavyokosea. Televisheni ya mwanamke yule ilikuwa imewashwa aliposhambuliwa. Uso ule aliuona kweli, saa ileile, ndani ya chumba kilekile. Asingeonekana hewani, sijui Thomson angejitetea kwa lipi.

Turudi kwa Henry Molaison: alifariki Desemba 2008 akiwa na miaka 82. Mwaka mmoja baadaye, San Diego, ubongo wake uligandishwa na kukatwa vipande 2,401 vyembamba, kazi ya saa 53 iliyorushwa moja kwa moja kwenye intaneti. Ilionekana kuwa Scoville alikuwa ameacha hipokampasi zaidi ya alivyodhani mwenyewe, na kwamba palikuwa na kovu dogo pia upande wa mbele, kushoto. Hata mgonjwa maarufu kuliko wote hakuwa na jeraha la mahali pamoja tu.

Na kwa wasio na jeraha, kuna utafiti mmoja wa mwaka 2005, wa Ian Skurnik na wenzake, unaomgusa kila mwenye mzazi mzee. Wazee walipewa madai ya afya na kuambiwa kuwa baadhi ni ya uongo, mengine mara moja, mengine mara tatu. Siku hiyohiyo, kurudia kulisaidia. Baada ya siku tatu mambo yaligeuka: dai lililokanushwa mara tatu walilikumbuka kuwa la kweli kuliko lililokanushwa mara moja. Dai lilikuwa limezoeleka, onyo limedondoka. Kwa hiyo ukimpigia mama simu kwa sababu umesikia anakunywa mizizi aliyoshauriwa kwenye ujumbe wa simu, usimrudishie uvumi wote ili uupinge. Mtajie dawa yake kwa jina, saa ya kuimeza na daktari aliyeiandika, na umwombe aandike hayo matatu kwenye karatasi.